Maharage Yaliyopikwa kwa Macho

Mtu akikwambia kwamba krimu ni rangi moja, usibishane naye. Mpeleke kwa Matone. Matone atamkalisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta ya duka la rangi, atamwekea mbele krimu kumi na saba, moja baada ya nyingine, na hatamwachia aondoke mpaka akiri kwa kinywa chake kwamba kila moja ina tabia yake. Wengi hukiri wakifika kwenye ya tatu, maana wameacha mafundi nyumbani wakisubiri.

Miaka ishirini na sita alikuwa akichanganya rangi katika duka lile lile. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, likipumzika. Watu walimwita Matone kwa sababu ndilo neno lililokuwa kinywani mwake kutwa: ongeza tone, punguza tone, hapo bado tone. Wateja walileta vipande vya pazia, vifuniko vya matangi ya pikipiki, na siku moja bibi mmoja alileta meno yake ya bandia ndani ya leso, akataka ukuta wa sebule ufanane nayo. Matone aliyapokea bila kucheka. Alitoka nayo nje, akafinya jicho moja, akayageuza huku na huku, akarudi akasema, "Nyeupe, manjano matone manne, nyeusi nusu tone." Bibi yule alipaka sebule nzima, na mpaka leo hajawahi kulalamika.

Kule kutoka nje ndiko kulikokuwa ufundi wenyewe. "Rangi haiaminiki chini ya taa," aliwaambia wafanyakazi wapya, na wa zamani, na mtu yeyote aliyesimama karibu. "Rangi mbili zinaweza kuwa mapacha humu ndani, ukizitoa nje zikakana undugu. Ipeleke kwenye mwanga wa jua ndipo uijue." Neno hilo alilisema hata kwenye harusi ya binti yake, alipopewa kipaza sauti awausie maharusi. Bwana harusi aliitikia kwa kichwa kwa heshima zote.

Sasa, mtu mwenye macho ya namna hiyo ungedhani Mungu amemkamilishia. La hasha. Miaka miwili kabla ya Jumamosi ninayotaka kuisimulia, Matone alishikwa na mafua yaliyomlaza kitandani siku kumi na mbili. Mafua yalipoaga yaliondoka na mali isiyo yao: ladha na harufu. Pua ilibaki, ulimi ulibaki, lakini vyote viwili vikawa mapambo. Chai ikawa maji ya moto. Samaki akawa kitu laini chenye miiba. Chumvi, sukari, limau, vyote vikawa ndugu wasiotofautishika. Aliyebaki akimsalimia ni pilipili peke yake, kwa kuwa pilipili haina haja ya ladha, yenyewe inauma tu. Daktari alimchungulia puani kwa tochi ndogo, akasema huenda ladha ikarudi, huenda isirudi, akamwita mgonjwa mwingine.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akamwambia mkewe, wakasikitika pamoja, yakaisha. Matone hakuweza, na sababu ni mke mwenyewe.

Mkewe alikuwa mpishi wa hospitali. Kuanzia alfajiri alikoroga masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake: uji usio na sukari, mboga zisizo na chumvi, supu isiyo na mafuta, kwa watu wasio na hamu ya kula. Hakuna mgonjwa aliyewahi kurudisha sahani na neno jema juu yake. "Mimi nalipwa nisipike vizuri," alikuwa akisema, huku akivua aproni kwa hasira. Basi jioni alilipiza kisasi. Alipika nyumbani kwa viungo vyote alivyokatazwa kazini, akapakua kwa watu wawili, maana watoto walishakua na kuhama, akaonja tonge la kwanza mwenyewe kama wafanyavyo wapishi, kisha akamgeukia mumewe na kuuliza, "Enhe?"

Akamaliza kuuliza, akangoja. Kwa "Enhe" hiyo mama yule aliishi. Jibu la Matone lilimvusha usiku na kumfikisha tena kwenye masufuria ya asubuhi.

Jioni ya kwanza Matone alipoinuka kitandani, mkewe alikuwa ameshinda jikoni mchana kutwa kuukaribisha ulimi wa mgonjwa. Aliuliza, "Enhe?" na macho yake yalikuwa yanang'aa. Wewe ungesemaje? Matone alisema, "Tamu." Kesho yake ukweli ulikuwa umechelewa siku moja. Baada ya mwezi ulikuwa umechelewa mwezi, na ukweli uliochelewa hivyo hauna tena adabu ya kuingia nyumbani mwa watu. Kila akifikiria kusema, Matone alimwona mkewe akiketi na kuhesabu jioni zote, moja moja, na kukuta uongo mia saba umejipanga mezani. Baada ya hapo asingemuuliza tena kitu. Hilo ndilo alilolihofia kuliko kuishi bila ladha, na ndiyo maana aliilinda siri yake kwa meno ambayo, kwa habari ya chakula, hayakuwa na kazi nyingine.

Na maharage je? Hapo sasa.

Kila mwaka, mvua zikikatika, familia ilichoma nyama uani Jumamosi moja. Nyama ilikuwa ya shemeji, kaka yake mke, dereva wa lori, mtu wa mikono mikubwa na maneno makubwa zaidi. Saladi na mikate vilikuwa vya mama mkwe. Mke siku hiyo hakupika chochote. Alipumzika kwa amri. Maharage yalikuwa ya Matone: matamu kwa sukari guru, makali kwa pilipili, yamechanganywa na vitunguu, nyanya ya kopo, haradali, siki kidogo na vipande vya nyama ya kukaushwa kwa moshi, yakaokwa kwenye oveni mpaka mchuzi ushike. Yalikuwa sifa yake. Yalimfanya ajione kwamba naye ni mpishi katika nyumba ya mpishi, na aliweka sheria kwamba hakuna mguu wa mtu kukanyaga jikoni wala kijiko kugusa trei kabla ya kupakuliwa. "Hamgusi kazi ya fundi haijakauka," alisema.

Kabla ya mafua, mwaka mmoja maharage yalitoka vizuri hadi mama mkwe akanyamaza kwa robo saa, jambo ambalo halikuwahi kutokea mchana. Kesho yake Matone, kwa majivuno, alibeba kibakuli cha kiporo mpaka dukani, akachanganya rangi ifanane na mchuzi: nyekundu ya udongo, kahawia, nyeusi matone sita, bluu tone moja. Alipaka rangi hiyo kwenye kadi, akairudisha nyumbani na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Wakati ule ulikuwa mchezo tu. Baada ya mafua kadi ile ikawa ulimi wake. Pilipili aliipima kwa kuonja, kwa kuwa ilimuuma bado. Utamu aliupima kwa rangi: sukari guru ni nyeusinyeusi, ukiongeza mchuzi unakoza, ukifikia rangi ya kadi, acha. Mwaka uliopita alifanya hivyo na watu wakalamba vidole. Matone alipokea pongezi huku moyo ukimdunda, akaapa kwamba mwakani hataogopa tena.

Jumamosi yenyewe ikafika. Asubuhi kulikuwa na mawingu mepesi, mwanga mzuri kwa mtu wa rangi. Matone aliamka akiimba. Maharage yalikuwa yamelowekwa tangu jana yake. Aliyachemsha yakaiva bila kupasuka, akakaanga vitunguu, akaweka hiki na kile, akaonja pilipili mpaka chozi moja likamtoka jicho la kulia, kipimo chake cha siku zote. Akatia nusu kipande cha sukari guru, akamimina vyote kwenye trei kubwa, akasukuma ndani ya oveni. Saa moja na nusu baadaye ilikuwa zamu ya kadi.

Wakati huo huo, uani, shemeji alikuwa akitazama mawingu. "Mvua inakuja," alitangaza. Haikuwa inakuja, lakini shemeji alikuwa na turubai jipya la lori na alitafuta sababu tangu alipowasili. Lilikuwa turubai la rangi ya chungwa, kubwa la kufunika shehena nzima. Alilifunga upande mmoja kwenye uzio, upande wa pili kwenye misumari juu ya dirisha la jikoni, akalivuta likakazana. Mama mkwe alimwambia kwamba limependeza. Hakuna aliyefikiria jikoni.

Matone alikuwa ameinama, kichwa karibu na mlango wa oveni, akivuta trei kwa kitambaa. Alipoinuka alikuta jiko lote limejaa mwanga wa dhahabu. Kuta, sinki, mikono yake mwenyewe, vyote vilikuwa vimepakwa. "Loo," alisema, "jua la leo limetoka na nguo za sikukuu!" Akabeba trei mpaka dirishani, mahali pa haki, penye mwanga wa kweli, akabandua kadi na kuishika kando ya mchuzi.

Mchuzi ulikuwa ukiwaka kwa wekundu. Kadi ilikuwa nyeusi ti.

Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo kosa lilipo. Kadi ilikuwa na nyeusi matone sita na bluu tone moja, na rangi hizo chini ya mwanga wa chungwa huzimika. Mchuzi wa nyanya chini ya mwanga huo huo hucheka. Mchanganya rangi wa wiki mbili analijua hilo. Mchanganya rangi wa miaka ishirini na sita analijua, analifundisha, analihubiri harusini, na kwa sababu hiyo hiyo halikumpitia kichwani hata kidogo. Yeye alikuwa dirishani. Dirishani kuna jua. Kazi imekwisha.

"Bado tone," alisema Matone, akavunja nusu nyingine ya sukari guru.

Alikoroga, akangoja iyeyuke, akapima. Bado. Akatia kipande kizima. Mchuzi uliendelea kucheka. Akatia kingine. Akaanza kutoka jasho, kwa sababu hii haikuwahi kutokea, lakini macho yake hayajawahi kumdanganya na mtu haanzi kuyatilia shaka akiwa na umri wa miaka hamsini na tatu, mbele ya wageni. Akafungua mlango kidogo, kiasi cha kupitisha pua.

"Shemeji! Kuna sukari guru nyingine huko?"

Mkewe ndiye aliyesikia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kupumzika kwa amri. "Baba Watoto, si nilikuletea vipande vitatu? Maharage gani hayo yanakula kuliko wageni?"

"Mke wangu, kila kazi na siri yake."

"Siri ya kisukari," alisema mke, lakini akampitishia mlangoni vipande vingine viwili alivyoviweka kwa ajili ya chai ya wiki nzima.

Vyote vikaingia. Trei iliyotaka nusu kipande ilimeza vipande vitano. Mwishowe mchuzi na kadi vilikubaliana kabisa, hata tone halikuzidi, na Matone akashusha pumzi. Alijaribu kukoroga kwa mara ya mwisho, mwiko ukagoma. Aliuachia, nao ukabaki umesimama wenyewe katikati ya trei. Aliichukua hiyo kuwa dalili njema.

Saa saba walikaa mezani chini ya turubai, nyama ikitoa moshi, watu wote wakiwa na nyuso za rangi ya chungwa. Walikuwa mke, mama mkwe, shemeji, na jirani wao daktari wa meno, aliyealikwa kila mwaka kwa sababu uzio wao ulikuwa mmoja na moshi ulimfikia apende asipende. Matone alitoka na trei kwa mikono miwili, macho kwenye mwiko tu, juu hakutazama, akaiweka katikati ya meza. Mama mkwe alipakuliwa wa kwanza, kama ilivyo adabu. Kijiko kilipotoka kwenye trei kilivuta nyuzi ndefu.

Mama mkwe aliweka kijiko kinywani. Alitafuna mara moja, akasita. Akajaribu kufungua mdomo, mdomo ukachelewa.

"Mkwe wangu," alisema hatimaye, kwa upole wote aliojaliwa, "mwaka huu tunaanza na jamu?"

Matone alicheka. Mama mkwe alipenda utani. Shemeji alionja, akatazama mbinguni kwa muda, kisha akachukua kipande cha mkate, akapaka maharage juu yake kwa kisu, akakifunika na kipande kingine. Daktari wa meno alionja kidogo tu, akafumba macho. "Kesho Jumapili," alisema, "lakini nitafungua. Msione haya, piteni."

Kisha nyuki akaja. Alizunguka trei mara mbili, akatua kwenye ukingo, akaondoka mbiombio. Baada ya dakika chache alirudi na wenzake, na ukoo wao ulikuwa mkubwa. Shemeji alianza kuwapungia kofia. Mama mkwe aliinua kanga na kujifunika kichwa, akiwa bado na kijiko mkononi.

Na Matone? Matone alitazama watu wakihangaika akaona sherehe imechangamka. Yeye mwenyewe alijipakulia sahani ya kujaa. Alikula kijiko cha kwanza, cha pili, cha tano, kwa utulivu mkubwa. Pilipili ilimsalimia vizuri. Aliona ni wajibu wake kama fundi kutoa maelezo.

"Mwaka huu yamekubali," alisema, akifuta mdomo. "Ingawa sukari nimeibania kidogo, kwa ajili ya mama."

Nyuki peke yao ndio walioendelea na mazungumzo. Mkewe, aliyekuwa ameshika glasi ya pili ya maji, aliiweka chini polepole na kumtazama mumewe kuanzia kijiko hadi uso.

"Sasa hawa nyuki," alisema shemeji, akasimama. "Nawafukuza kwa upepo." Akafungua kamba upande wa uzio, akalivuta turubai kwa nguvu ili lipepee. Turubai likainuka, likajikunja juu ya paa, na mwanga mweupe wa mchana ukaanguka juu ya meza.

Maharage yalikuwa meusi. Yalikuwa meusi kama lami, yaking'aa, na katikati yake mwiko ulisimama wima. Matone aliyatazama. Akatazama juu, kwenye paa. Akatazama dirisha la jikoni, kisha misumari iliyo juu yake. Rangi ilimtoka usoni, tena ningeweza kukutajia matone.

"Turubai!" alisema.

"Turubai limefanya nini?" aliuliza mkewe.

"Limenidanganya rangi! Mke wangu, mimi nilipima dirishani, jua lenyewe, kumbe shemeji amenifunikia..."

"Rangi," alisema mke. "Mimi nauliza habari ya sukari. Rangi na sukari wapi na wapi?"

Mficha maradhi kilio humfichua, na huyu wetu alijifichua mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mkwe na daktari wa meno. Mkewe alikuwa ameonja vyakula vya watu kwa miaka thelathini. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Njoo jikoni," alisema. Hakupaza sauti, na Matone akamfuata.

Jikoni mke alifunga mlango. Aliona kadi dirishani, akaiokota, akaigeuza, akairudisha. Kisha akachukua kitambaa cha kufutia vyombo, akakikunja, akamfunga mumewe machoni kwa mafundo mawili. Matone alisimama kama mtu anayecheza mchezo wa watoto. Alisikia kabati likifunguka, mfuniko wa kopo, kijiko.

"Fungua mdomo. Hii ni nini?"

Chembechembe ziliyeyuka juu ya ulimi wake bila kuacha habari yoyote. "Sukari," alisema Matone, kwa matumaini.

"Na hii?"

"Hiyo... chumvi."

"Zote mbili ni chumvi," alisema mkewe.

Kijiko kiliwekwa kwenye sinki. Nje walisikika wakimfukuza nyuki kutoka kwenye kanga ya mama mkwe.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Miaka miwili." Alivuta kigoda, akakaa, Matone alisikia miguu ya kigoda ikikwaruza sakafu. "Miaka miwili nakuuliza kila jioni, na kila jioni unanijibu. Mimi nakwenda kulala nikiwa na furaha kwa neno la mtu ambaye ningempa sifongo ya kuoshea vyombo angeitafuna."

"Nilitaka kusema. Siku ya kwanza ulikuwa umepika mchana kutwa..."

"Nilikupikia supu ya mifupa kwa muda wa saa tano!"

"Ndiyo maana sikuweza."

Matone alisogeza mkono kutaka kuondoa kitambaa, maana hakuzoea kuzungumza na mkewe bila kumwona. Ilikuwa ni kutembea chumbani usiku baada ya mtu kuhamisha meza. "Kiache hapo hapo," alisema mkewe. Mkono ukashuka.

"Ngoja kidogo," mke alisema baadaye, kwa sauti nyingine, sauti ya mpishi anayehesabu masufuria na kukuta moja limezidi. "Siku ile ya bamia. Uliniambia chumvi imekolea mno. Na ilikuwa imekolea, nilitia mara mbili kwa kusahau. Na mchuzi wa samaki, ukasema leo limau limeshinda. Lilikuwa limeshinda kweli. Mwezi uliopita ukaniambia wali una kitu, sijui nini, lakini una kitu, nami nilikuwa nimejaribu iliki kwa mara ya kwanza. Mtu asiye na ulimi aliyajuaje hayo?"

Matone akasema, kwa sababu hakukuwa tena na pa kukimbilia:

"Nilikuwa nakutazama wewe."

"Unanitazama nini?"

"Uso. Wewe huonja kwanza. Chakula kikiwa kitamu sana, jicho lako la kushoto linapungua kidogo. Chumvi ikizidi unameza kabla hujatafuna. Limau likizidi sikio lako linasogea."

"Sikio langu halisogei."

"Linasogea. La kulia. Kidogo sana, lakini mimi ndiyo kazi yangu. Siku ya iliki ulitabasamu upande mmoja, upande ambao sikuwahi kuuona. Nikajua kuna kitu kipya. Mke wangu, uongo nimekudanganya, sikatai. Lakini sijawahi kukwambia tamu siku ambayo wewe mwenyewe hukuiona tamu. Hata siku moja. Nilikuwa nikikusoma kila jioni, na kila jioni nilisema kile nilichokiona."

Hapo akangoja, na kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko yote ya miaka miwili, kwa sababu uso pekee aliojua kuusoma ulikuwa mbele yake na yeye amefungwa macho. Hakujua kama jicho limepungua au limejaa. Hakujua kama mkewe anamtazama au amegeukia ukuta. Aliogopa sana.

Akasikia kigoda kikisogea. Akasikia mlango wa uani ukifunguka na kufungwa, na moyo wake ukafuata nyayo zile nje. Kisha mlango ukafunguka tena. Kitu kizito kiliwekwa mezani, nyuki mmoja akiwa bado amekifuatilia, na kijiko kikakwaruza trei. Mtu alitafuna karibu naye, kwa muda mrefu, kwa shida.

"Haya," alisema mkewe, mdomo ukiwa umejaa, na sauti yake ilikuwa na maji ndani yake. "Usinitazame. Leo nisikilize. Maharage yako ni mabaya, Baba Watoto. Sukari inaingia bila hodi, inakaa kwenye kiti cha baba, inaagiza chai. Nyuma yake inakuja sukari nyingine, mdogo wake. Nyanya nimeisikia mara moja tu kwa mbali, ikiomba msaada. Siki hata sijui kama bado iko hai. Unanipata?"

"Nakupata," alisema Matone. Kitambaa kilikuwa kimeanza kulowa.

"Halafu mwishoni kabisa, baada ya fujo zote hizo, pilipili. Hiyo ipo mahali pake, hata tone halikuzidi."

"Hiyo naisikia."

"Najua unaisikia. Hayo mengine miaka miwili umeyakosa ukiwa umekaa nami meza moja, na mimi nakuuliza maswali, badala ya kukupa habari." Alivuta kamasi, akacheka, akakwaruza trei tena. "Fungua mdomo."

Matone akafungua mdomo. Mkewe akampa kijiko, na kabla hajakimeza akaanza kumweleza kilichomo.